Walawi: kabila lililobeba mizigo ya wote na halikupewa shamba

Ukitaja Walawi kanisani siku hizi watu wanawaza vitu viwili tu, waimbaji na zaka. Kuna makanisa timu ya sifa inaitwa kabisa Walawi, na siku ya kufundisha matoleo lazima Mlawi atajwe, alafu basi, habari yake imeishia hapo. Mimi naona tunawaonea hawa watu. Habari yao ni ndefu na ina uzito, na utamu wake wenyewe uko kwenye kitabu ambacho wengi wetu tukikifikia tunakiruka, Hesabu, zile sura ya 3, ya 4, ya 7 na ya 8 zenye majina magumu na idadi za watu. Ukizisoma taratibu unagundua kwamba Mlawi wa Israeli ya kale alikuwa kwanza kabisa mtu wa kazi za mikono, mbebaji na mlinzi, hana ardhi, anakula kwa kutegemea uaminifu wa majirani zake. Kuimba kulikuja baadaye sana.

Tuanze na baba yao. Lawi ni mtoto wa tatu wa Yakobo kwa Lea, na jambo kubwa tunalosimuliwa kuhusu yeye mwenyewe ni baya. Dada yao Dina alidhalilishwa na Shekemu mwana wa Hamori, basi wana wa Yakobo wakawadanganya wanaume wa mji ule wakubali kutahiriwa, siku ya tatu watu wakiwa bado kwenye maumivu, Simeoni na Lawi wakaingia na mapanga wakaua kila mwanaume. Yakobo hakusahau. Miaka mingi baadaye yuko kitandani anakufa, anawabariki wanawe, akifika kwa hawa wawili anailaani hasira yao na kusema atawagawa katika Yakobo na kuwatawanya katika Israeli (Mwanzo 49). Kwa hiyo kutawanyika kwa Walawi, kule kukosa eneo lao kwenye ramani, kulianza kama adhabu. Hili naomba ulishike maana litarudi.

Na kweli makabila yote mawili yalitawanyika. Simeoni alipewa urithi wake ndani ya eneo la Yuda na polepole akamezwa humo. Lawi naye alitawanywa, ila yeye akatawanywa na kazi mkononi.

Kilichobadilisha mambo ni ile siku ya ndama wa dhahabu, Kutoka 32. Musa anashuka mlimani, anakuta watu wanacheza mbele ya sanamu, anasimama penye lango la kambi anauliza nani yuko upande wa Bwana, na wana wa Lawi wote wakamwendea. Kilichofuata ni kigumu kusoma, walichukua panga wakapita kambini na watu kama 3,000 wakafa, ndugu zao wa damu. Sitaki kulainisha hapo, mimi mwenyewe nikifika hayo maneno nasoma polepole. Ila angalia, ni upanga uleule uliowaharibia kwa baba yao, safari hii umetumika kwa amri na sio kwa kisasi cha familia, na baada ya hapo hawa watu wanawekwa wakfu.

Sasa kwa nini kabila zima lichukuliwe? Sababu inayotolewa kwenye Hesabu 3 ni wazaliwa wa kwanza. Usiku ule wa Misri wazaliwa wa kwanza wa Wamisri walipokufa na wa Israeli wakaachwa, Mungu alisema kila mzaliwa wa kwanza wa Israeli ni wangu. Maana yake kila familia ilikuwa inadaiwa mtoto. Badala ya kuchukua mtoto kutoka kila nyumba, Mungu akachukua kabila moja badala yao, mtu kwa mtu, na wakahesabiwa kweli. Walawi wanaume kuanzia umri wa mwezi mmoja walikuwa 22,000, wazaliwa wa kwanza wa makabila mengine walikuwa 22,273. Wamezidi 273. Unafikiri waliachwa hivi hivi? Hapana, kila mmoja wa wale 273 alikombolewa kwa shekeli tano, ikapatikana fedha shekeli 1,365 akakabidhiwa kuhani Haruni, ndugu yake Musa, na wanawe. Napenda sana hii hesabu kwa sababu inaonyesha hawakuwa wanaongea kwa mafumbo, mtoto wa mtu fulani alikuwa na Mlawi wake aliyesimama mahali pake, na asiye na Mlawi alilipiwa.

(Ukijumlisha mwenyewe zile koo tatu za Walawi, Wagershoni 7,500, Wakohathi 8,600 na Wamerari 6,200, utapata 22,300 na sio 22,000. Marabi wa zamani walieleza kwamba wale 300 ni wazaliwa wa kwanza wa Walawi wenyewe, hawawezi kumkomboa mtu maana wao wenyewe tayari ni mali ya Mungu. Wasomi wengine wanaona ni kosa la kunakili idadi ya Wakohathi, kwamba ilikuwa 8,300. Sikutaka mtu aje kunikamata kwenye comments.)

Na siku ya kuwekwa wakfu, Hesabu 8, kilifanyika kitu cha ajabu. Walinyunyiziwa maji, wakanyoa mwili mzima, wakafua nguo zao, alafu wana wa Israeli wakaja wakaweka mikono juu yao. Ukisoma Mambo ya Walawi unajua kuweka mikono kunafanyika wapi, mtu anaweka mkono juu ya kichwa cha mnyama anayemtoa sadaka. Hapa sadaka ni watu. Haruni anawatoa mbele za Bwana kama sadaka ya kutikiswa, na wao wanaweka mikono juu ya ng'ombe wawili wanaochinjwa kwa ajili yao. Yaani taifa zima linasema hawa ndio sisi tuliowatoa. Mtu wa Yuda au wa Dani aliyekuwa pale hakuwa na sababu ya kumwona Mlawi kama bosi wake, na pia hakuwa na sababu ya kumdharau, maana yule amesimama pale kwa ajili ya mtoto wake.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, hapa ndo pananifurahisha kuliko pote.

Hema ya kukutania, ile maskani ya ibada waliyokuwa nayo jangwani, ilikuwa inahama. Wingu likiinuka, kila kitu kinafunguliwa, kinafungwa, kinabebwa, kinasimamishwa tena mahali pengine. Kama umewahi kuhama nyumba unajua ile kazi ya kujua nani kabeba nini na kipi kitangulie, sasa fikiria nyumba hiyo ukigusa baadhi ya vitu vyake unakufa. Walawi walipanga kambi kuizunguka pande zote, Musa na Haruni na wanawe mashariki, Wakohathi kusini, Wagershoni magharibi, Wamerari kaskazini, wakiwa katikati ya hema na makabila mengine ili mtu asiyehusika asikaribie akafa. Na kila ukoo ulikuwa na mzigo wake.

Wagershoni walibeba vitambaa, mapazia ya maskani, kifuniko cha hema, chandarua za ua, sitara za mlango na kamba zake. Wamerari walibeba mifupa ya nyumba yenyewe, mbao, mataruma (miti ya kuziunganisha mbao), nguzo, vitako (vikalio vya kusimamishia mbao na nguzo), vigingi. Tuhesabu kidogo. Mbao zilikuwa 48, kila moja urefu wa mikono kumi, kwenye mita nne na nusu hivi. Vitako vya fedha vilikuwa 100, kila kimoja talanta moja, na talanta ni zaidi ya kilo 30, kwa hiyo vitako vya fedha peke yake ni zaidi ya tani 3, bado hujaweka nguzo za ua na vitako vyake vya shaba. Na Hesabu 4 inasema Wamerari wapangiwe vyombo vyao kwa majina, kila mtu ajue mzigo wake, mpaka vigingi na kamba. Kuna mtu jangwani jina lake limeandikwa kwenye orodha ya Ithamari mwana wa Haruni, na kazi yake kwa Mungu ni vigingi. Akivisahau, sitara haisimami. Mimi huyu mtu nampenda.

Wakohathi ndio waliobeba vitu vitakatifu zaidi, sanduku la agano, meza, kinara cha taa, madhabahu. Lakini hawakuruhusiwa kuvigusa wala kuviangalia vikiwa wazi hata kidogo. Kambi ikitaka kuondoka, Haruni na wanawe ndio walioingia ndani, wanashusha lile pazia la sitara wanalifunikia sanduku, juu yake ngozi za pomboo, juu yake tena nguo ya rangi ya samawi tupu, alafu wanatia ile miti ya kuchukulia. Wakimaliza kufunika kila kitu ndipo Wakohathi wanaitwa waje kubeba. Mtu anabeba begani kitu kitakatifu kuliko vyote katika taifa lake na hajawahi kukiona. Anakijua kwa uzito tu.

Alafu kuna yale magari. Hesabu 7, wakuu wa makabila walileta magari sita na ng'ombe kumi na wawili. Wagershoni wakapewa magari mawili na ng'ombe wanne, Wamerari magari manne na ng'ombe wanane, maana mbao na vitako sio mchezo. Wakohathi hawakupewa hata moja. Ukisoma haraka unaweza kuona wameonewa, ila sababu imeandikwa, utumishi wao ulikuwa wa patakatifu, ulibebwa mabegani. Waliokabidhiwa vitu vya thamani kuliko vyote ndio walionyimwa usafiri.

Kilichompata Uza kimetokana na hapo moja kwa moja. Daudi alipotaka kulileta sanduku Yerusalemu (2 Samweli 6) waliliweka kwenye gari jipya, tena jipya kabisa, kwa heshima zote, wanaimba na vinanda, ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono kulishika, akafa palepale. Watu wanauliza Mungu gani huyu anaua mtu anayesaidia. Swali halali, na sina jibu la kulimaliza, ila Daudi mwenyewe alikuja kuona kosa lilianzia wapi. Kwenye 1 Nyakati 15 anasema haifai mtu kulichukua sanduku ila Walawi, na safari ya pili likabebwa mabegani kwa miti kama Musa alivyoagiza. Gari halikutakiwa kuwepo pale toka mwanzo.

Hata mpangilio wa msafara ulikuwa na akili. Hesabu 10, kikosi cha Yuda kinatangulia, nyuma yake Wagershoni na Wamerari na hema yao, kisha kikosi cha Reubeni, ndipo Wakohathi na vile vitu vitakatifu. Kwa nini? Ili Wakohathi wakifika wakute maskani imeshasimamishwa, waingize vyombo moja kwa moja. Mtu wa vigingi lazima afike kabla ya mtu wa sanduku.

Kazi hii ya kubeba ilifanywa na wenye miaka 30 mpaka 50, na walipohesabiwa wakapatikana 8,580. Sura ya 8 inataja kuanza utumishi na miaka 25, wengi wanaichukulia kwamba miaka mitano ya kwanza ilikuwa ya kujifunza. Akifika 50 anastaafu, habebi tena, anabaki kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi.

Jambo lingine tunalochanganya sana: sio kila Mlawi ni kuhani. Makuhani ni ukoo wa Haruni tu, ndani ya Wakohathi. Wengine wote ni wasaidizi wao, hawakaribii madhabahu kutoa dhabihu. Na wapo ambao hawakuridhika. Kora alikuwa Mkohathi, binamu kabisa wa Musa na Haruni, mtu wa ule ukoo wa kubeba sanduku, akainuka na watu 250 akasema kusanyiko lote ni takatifu, kwa nini mnajikweza. Musa alimjibu kwa swali, je, ni jambo dogo kwenu kwamba Mungu amewatenga na kuwaleta karibu naye, mnautaka na ukuhani pia? Ardhi ikafunguka. Ila usiishie hapo kama wahubiri wengi wanavyoishia, nenda Hesabu 26, kuna kamstari kafupi kanasema wana wa Kora hawakufa. Na uzao huo tunaukuta baadaye hekaluni ni mabawabu, walinzi wa milango, na Zaburi kadhaa zina jina la wana wa Kora juu yake, ya 42, ya 44 mpaka 49, ya 84 na nyingine. Ile ya 84 ndiyo yenye kusema ni heri kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu. Mzee wao alikataa kuwa msaidizi, na jina la wajukuu zake limebaki juu ya wimbo wa kusifu kazi ya mlangoni. Hapo mimi huwa nafunga Biblia kwanza, nakaa nayo kidogo.

Sasa ardhi. Walipoingia Kanaani kila kabila lilipimiwa eneo lake, na ili wabaki kumi na wawili bila Lawi, Yusufu akahesabiwa mara mbili, Efraimu na Manase. Lawi alipewa miji 48 ndani ya maeneo ya wengine, na malisho kuzunguka miji hiyo kwa ajili ya mifugo, basi. Wakohathi miji 23, kati yake 13 ya wana wa Haruni, Wagershoni 13, Wamerari 12. Hata Hebroni waliyopewa wana wa Haruni, mashamba yake na vijiji vyake vilibaki kuwa vya Kalebu. Mlawi ana nyumba mjini na sehemu ya kulisha mbuzi, lakini shamba la kulima ngano kama jirani yake hana.

Kati ya miji hiyo 48, sita ilikuwa miji ya makimbilio, mtu aliyeua bila kukusudia anakimbilia humo ili ndugu wa marehemu wasimuue kabla hajahukumiwa. Majina yake ni Kedeshi, Shekemu, Hebroni, Beseri, Ramothi na Golani. Umeona la pili? Shekemu. Mji uleule ambao Lawi aliingia na panga akaua wanaume wote kwa kulipiza kisasi, wajukuu zake wanapewa wakae humo, na kazi ya mji ni kumzuia mlipiza kisasi. Yoshua 21 haisemi neno lolote kuhusu hilo, inaorodhesha tu na kuendelea na mji unaofuata, lakini mtu aliyesoma Mwanzo 34 hawezi kupita hapo bila kusimama. Kutawanywa kulikotamkwa na Yakobo kama laana ndiko kulikoweka Mlawi karibu na kila Mwisraeli, na mahali pa kukimbilia pande zote mbili za Yordani.

Na wakati hana shamba atakula nini? Hapo ndo zaka inaingia, Hesabu 18, zaka yote ya Israeli wanapewa wana wa Lawi kuwa ujira wa utumishi wao. Ni nafaka, divai, mafuta, mifugo, yaani chakula. Na Mlawi naye anatoa, zaka ya zaka, sehemu ya kumi ya alichopokea anampa kuhani, tena iliyo bora. Hakuna aliyekuwa wa kupokea tu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni Kumbukumbu la Torati. Sura ya 14 inasema mtu alete zaka yake aile yeye na nyumba yake mbele za Bwana kwa furaha, na kama ni mbali auze apate fedha, akifika anunue chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, ale, afurahi, na asimwache Mlawi aliye malangoni kwake. Na kila mwaka wa tatu zaka inabaki mjini, wale Mlawi na mgeni na yatima na mjane washibe. Soma hiyo listi tena, mgeni, yatima, mjane, na Mlawi. Ndiyo jamii aliyowekwa. Anahesabiwa na watu ambao wasipokumbukwa watalala njaa. Ukimsikia mtu anajiita Mlawi ili atoze watu, mjane akiwa mmojawapo wa wanaotozwa, hiyo Torati anayoitaja inawaweka yeye na huyo mjane kwenye meza moja, wote wa kulishwa. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona wamama wanaotoa hela ya unga.

Na kwa kuwa maisha yake yalitegemea moyo wa watu, watu wakiharibika Mlawi naye anaharibika au anahangaika. Waamuzi 17 kuna kijana Mlawi kutoka Bethlehemu ya Yuda anatembea tu kutafuta pa kukaa. Anafika kwa Mika kwenye milima ya Efraimu, Mika ana nyumba ya sanamu, anamwajiri awe kuhani wake kwa vipande kumi vya fedha kwa mwaka na mavazi na chakula. Kijana anakubali. Baadaye Wadani 600 wenye silaha wanapita wanamwambia kipi bora, uwe kuhani wa nyumba ya mtu mmoja au wa kabila zima? Maandiko yanasema moyo wake ukafurahi, akabeba na sanamu akaondoka nao. Mwishoni anatajwa kuhani wa Wadani, Yonathani mwana wa Gershomu mwana wa Musa, na wengi wanaelewa ni kijana yuleyule. Wa Musa! Waandishi wa Kiebrania iliwauma mpaka wakaingiza herufi moja juu ya mstari ili jina lisomeke Manase. Mjukuu wa Musa kanunuliwa kwa posho.

Enzi za Daudi mizigo iliisha, maana sanduku lilikuwa limepata mahali pa kukaa, basi akawapangia kazi upya. 1 Nyakati 23 inahesabu Walawi 38,000 wenye miaka 30 na zaidi, 24,000 wa kusimamia kazi ya nyumba ya Bwana, 6,000 wasimamizi na waamuzi, 4,000 mabawabu, 4,000 wa kumsifu Bwana kwa vinanda. Kwa hiyo waimbaji ni karibu mmoja kati ya kumi. Siwapunguzii heshima akina Asafu, Hemani na Yeduthuni, wale viongozi wa waimbaji, waliacha kazi kubwa, ila wenzao tisa walikuwa wanapima unga wa mikate ya wonyesho, wanasafisha vyombo, wanafungua milango asubuhi, wanaamua kesi, na wote waliitwa Walawi.

Na walifundisha. Hii watu wanaisahau kabisa. Mfalme Yehoshafati aliwatuma wakuu wake pamoja na Walawi tisa na makuhani wawili wazunguke miji yote ya Yuda wakiwa na kitabu cha torati mkononi wafundishe watu. Baada ya uhamisho wa Babeli, Ezra mwandishi aliposoma torati toka alfajiri mpaka adhuhuri mbele ya lango la maji, Walawi walikuwa katikati ya umati wakiwaeleza watu maana mpaka wakaelewa, na watu wakalia.

Kwenye kurudi kutoka Babeli kuna namba inayoniumiza. Waliorudi na Zerubabeli, kiongozi wa kundi la kwanza, walikuwa 42,360, makuhani kati yao 4,289. Walawi, ukiacha waimbaji na mabawabu waliohesabiwa mbali, 74. Sabini na nne tu. Miaka mingi baadaye Ezra anakusanya watu kando ya mto Ahava aondoke nao, anakagua, hakuna Mlawi hata mmoja, inabidi atume ujumbe waombwe, wanapatikana 38. Maandiko hayatoi sababu. Mimi naona ni rahisi kuelewa, unarudi kwenye nchi iliyobomoka, huna shamba la babu la kudai, cheo chako ni msaidizi, na chakula chako kitatoka kwa watu ambao wao wenyewe wanaanza upya. Wale 74 na wale 38 walijua wanachokifuata na wakaja.

Na kilichoogopwa kikatokea. Nehemia 13, Nehemia aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu amerudi kwa mfalme Artashasta wa Uajemi, huku nyuma kuhani Eliashibu anachukua chumba kikubwa cha hekalu, kile cha kuwekea zaka za nafaka na divai na mafuta za Walawi na waimbaji na mabawabu, anampa Tobia akae, Tobia yule yule aliyepinga ujenzi wa ukuta. Stoo ya chakula cha watumishi imegeuka chumba cha rafiki wa mkubwa. Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu zao, wakakimbia kila mtu kwenda mashambani. Nehemia aliporudi alitupa nje vyombo vya Tobia, akasafisha, akawauliza wakubwa kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Yuda wote wakaleta zaka ghalani tena. Alafu angalia alichofanya, akaweka watunza hazina wanne, mmoja kuhani, mmoja mwandishi, mmoja Mlawi na mwingine wa kuwasaidia, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ni kuwagawia ndugu zao. Lile andiko la Malaki, leteni zaka kamili ghalani, wengi wanaliweka kwenye kipindi kinachokaribiana na hiki. Ghala lilikuwa chumba cha kweli chenye nafaka, na waliosababisha liwe tupu ni wananchi walioacha kuleta na mkubwa wa hekalu aliyegawa chumba. Kwenye mahubiri tunasikia kosa la wananchi tu.

Agano Jipya halina mengi juu yao. Yupo yule Mlawi wa kwenye mfano wa Msamaria mwema aliyepita kando, huyo kila mtu anamjua. Asiyejulikana sana kwa kabila lake ni Barnaba. Matendo 4 inasema Yusufu aitwaye Barnaba, Mlawi, mzaliwa wa Kipro, alikuwa na shamba, akaliuza, akaileta fedha akaiweka miguuni pa mitume, igawiwe kwa kila mtu kadiri ya mahitaji yake. Kule Kumbukumbu Mlawi ni wa kulishwa na wenye mashamba, hapa Mlawi mwenye shamba analiuza wengine wale.